Wino wa Zambarau Darini

"Usiniambie ni panya, shemeji! Panya hajui kuandika!" Baba Mkubwa Sifaeli alifoka huku akifunga godoro la mama yake kwa kamba ya katani.

"Basi nisomee alichoandika," Mama Aikande alijibu. "Mzimu unaoandika kitu kisichosomeka una kazi gani?"

"Ni mstari. Unapanda, unashuka, unapanda tena. Jana uliishia hapa, leo umesogea, na wino wake mbichi! Na kile kitu kinapiga ka-ka-ka-ka, kama moyo. Mimi sipandi tena kule darini."

Bibi alikuwa ameketi kwenye kigoda uani, ameupa mlango wa nyumba yake mgongo. Mbele yake, kati ya migomba, lilikuwa kaburi la mumewe, Babu Fanuel, saruji yake bado mpya. Ukungu ulikuwa umeteremka kutoka Mlima Meru ukaficha msalaba. Siku nne Bibi hakuwa amelala. Sasa alikuwa anahamishiwa Levolosi mjini, kwenye chumba kimoja cha kupanga cha Sifaeli, nyuma ya kibanda alichotengenezea redio. Ng'ombe wake alikuwa amekwishapelekwa kwa jirani.

"Nitakufa kule," alikuwa amemwambia Aikande asubuhi, kwa utulivu. "Lakini angalau nitakufa nimelala."

Aikande alimenya ndizi moja kwa muda mrefu mno. Alikuwa na miaka kumi na miwili, mwanafunzi wa darasa la sita kutoka Kaloleni, na alijua kitu ambacho watu wazima hawakukijua.

Yeye na mama yake walipofika kwa Bibi kijijini Nkoaranga kwa likizo, Bibi alimwonya: vitu vya marehemu haviguswi mpaka ukoo ukae na kuvigawa. Alhamisi, wakati Bibi akikata majani ya ng'ombe, Aikande alipanda darini. Ndani ya gunia alikuta kisanduku cha bati chenye kioo, na ndani yake pipa dogo la shaba lililozungushiwa karatasi, na mkono mwembamba wenye ncha kama kalamu. Kulikuwa na ufunguo, na kichupa cha wino uliokauka. Alitia maji kidogo, wino ukafufuka, wa zambarau. Akatia tone kwenye ile ncha. Akazungusha ufunguo.

Kile kitu kikaanza kuhema mikononi mwake. Alikirudisha mbio, akashuka, akanyamaza. Usiku ule Bibi alipouliza, "Nani anatembea juu?" Aikande alijifunika blanketi. Ijumaa ilikuwa vigumu zaidi kusema. Jumamosi ikawa vigumu kuliko Ijumaa. Tena yeye mwenyewe alikuwa ameanza kuogopa, maana hakuwa amechora ule mstari. Nani aliuchora?

Sifaeli alibeba godoro begani. Bibi akainuka, akashika fimbo yake.

"Ni mimi!" Aikande alisema. Kisu kilimponyoka. "Mimi ndiye niliyekijaza. Nilizungusha ufunguo. Bibi, usiende!"

Toka ndani ya nyumba walisikia: ka-ka-ka-ka.

"Kalete," mama yake alisema.

"Mama, naogopa."

"Ulipanda peke yako bila ruhusa. Sasa panda kwa ruhusa."

Alikileta, akakiweka juu ya kinu kilichopinduliwa. Sifaeli alirudi nyuma hatua tatu, godoro bado begani. Mama Aikande aliinama, akafuta kioo kwa kanga.

"Hapa pameandikwa siku za wiki kwa Kiingereza. Na hizi ni namba. Mstari unapanda mchana, unashuka usiku. Aikande, ni kitu gani hupanda mchana na kushuka usiku?"

Aikande alifikiri. "Joto?"

"Usiniulize mimi. Jaribu."

Aikande alichukua kikombe cha bati chenye chai ya moto, akakisogeza karibu na kipande cha chuma kilichopinda kando ya kisanduku. Mkono ulitikisika, kisha ukapanda taratibu, wenyewe. Bibi alishika kifua. Aikande akaondoa kikombe, akaweka kitambaa alicholowesha kwa maji baridi ya mfereji. Mkono ukashuka.

"Ni kipimajoto," Aikande alinong'ona. "Kinajiandikia chenyewe."

"Kwa saa ya kujaza!" Sifaeli alisema, akisogea. "Kumbe ni springi tu!"

"Shemeji, wewe unafungua redio za watu kutwa," Mama Aikande alisema. "Hiki ungekifungua jana, mama yako angekuwa amelala." Kisha akamgeukia binti yake. "Kugusa ulichokatazwa ni kosa. Lakini kunyamaza huku mwenzako anateseka kwa kosa lako, hilo ni kubwa zaidi, na kila siku unayonyamaza linaongezeka. Bibi yako angekufa kwa ajili ya aibu yako. Umenielewa?"

"Nimeelewa, mama. Bibi, nisamehe."

Bibi aliushika mkono wa mjukuu wake. Alikuwa anatazama doa la zambarau kwenye kidole cha Aikande.

"Babu yako alikuwa karani kwenye shamba la kahawa la mzungu," alisema polepole. "Kila Jumatatu alirudi na vidole vya rangi hiyo. Nilijua anamwandikia barua mwanamke. Miaka kumi na minne, kila Jumatatu, nilimpa ndizi bila nyama." Midomo ilimcheza. "Shamba likataifishwa, ofisi ikabaki na popo tu. Alirudi na gunia, akalipandisha darini, na mimi sikuuliza. Niliogopa kukuta barua, kumbe kila Jumatatu alikuwa akikitia wino hiki."

Alitazama kaburini kwa muda, kama mtu anayengoja jibu.

"Leo ni siku gani?"

"Jumatatu, Bibi."

"Ukoo utakapokaa, nitawaambia hiki ni changu. Sifaeli, rudisha godoro ndani, kisha ukamlete ng'ombe wangu. Aikande, lete ufunguo na kile kichupa cha wino, unionyeshe."

Aliingiza ufunguo kwa mkono wake mwenyewe, akauzungusha mpaka ukakaza. Kisha akachovya kidole kwenye wino.