Kichupa cha Kelestini

Aliyetusimulia kwanza ni Mama Rosemery, mfagizi wa maabara moja hapa Ifakara, siku ya matanga, Aprili 2022. Hakuongeza chumvi, nasi hatuongezi.

Balbina, mtafiti wa maabara hiyo, alikuwa akitafuta protini moja ya mwilini, mlinzi anayemnusa mgeni akiingia kwenye damu na kupiga mbiu. Kwa macho haionekani. Damu humwagiwa kingamwili zinazoinasa, kisha kwenye picha hutokea mstari mweusi. Damu ya mtu mzima wa afya hutakiwa kubaki bila mstari. Damu hiyo ya kulinganishia ilikuwa ya mdogo wake, Kelestini, aliyeitoa huku akimtania, "Dada, usije ukaninywa."

Kelestini akazama mtoni, upande wa Malinyi. Wiki moja baada ya kumzika, damu yake ikatoa mstari.

Balbina akarudia kwa kingamwili mpya. Akarudia bila kuiweka damu hiyo kabisa. Mstari ukatokea palepale.

"Mikono michafu," alisema Dokta Jihan, mkuu wake.

Asubuhi moja, jua likiwaka, Mama Rosemery akipiga deki alisikia harufu ya tope na kambale ikitoka kwenye friji ya kugandishia, na humo ndani, kwenye baridi asiyoiweza kiumbe, kitu kilikuwa kikigonga taratibu, kama mgeni anayejua wenyeji wapo ila wamejificha.

Jioni Balbina alimwambia mama yake, Marsiana, "Mama, damu yake nyingine iko kazini."

Marsiana akaacha kupepeta mchele. "Tulimzika mwanangu pungufu? Jini la mto likimshika mtu, humfuata mpaka tone la mwisho. Lipelekee."

Dokta Jihan alikataa: sampuli si mali ya ndugu. Balbina akakiiba kichupa, akakimwaga mtoni. Harufu ikakoma.

"Uliyeipoteza, toa yako," Dokta akamwambia.

Akatoa. Picha ilipokuja, mstari wake ulikuwa mweusi kuliko yote, na Mama Rosemery, ndoo mkononi, akamwona akinusa vidole, akivifuta kwenye koti, akivinusa tena, hadi akanong'ona, "Mama Rose, limerudi nami."

"Nyamaza, mwanangu."

Jumapili viatu vyake vilikutwa ukingoni. Matanga tuliyakaa bila jeneza.

Mama Rosemery yu hai, kazi aliacha. Marsiana yu hai, samaki hali. Dokta Jihan yu hai, na amepanda cheo. Balbina hatujamweka upande wowote, wa wazima wala wa wafu, maana kichupa cha damu yake bado kimo frijini, na waliobaki maabara wanasema kinagonga.