Protini Iliyomkasirisha Fundi Baiskeli

Kila alipotoka shule, Chiriku alipitia kwenye kibanda cha kaka yake, fundi baiskeli. Kaka ndiye aliyempa jina hilo, kwa vile mdomo wake haukupumzika. Chiriku alimshikia spana na kumsaidia kujaza upepo. Kazi ikiisha, kaka aliirukia baiskeli, akaiendesha mpaka kwenye kona na kurudi. Hakumkabidhi mteja baiskeli ambayo hajaijaribu mwenyewe.

Siku za karibuni alikuwa ameacha. "Ijaribu mwenyewe, bosi," aliwaambia wateja, akiwa amekaa upande upande kwenye kigoda.

"Kaka, mbona hupandi tena?"

"Shika spana, Chiriku."

Chiriku alimweleza mama, na mama akambana kaka mpaka akasema. Korodani yake moja ilikuwa imevimba na kuwa ngumu. Haikumuuma, ila aliona haya.

"Mimi niliyekuogesha utotoni, leo unanificha?" mama alisema. Kesho yake asubuhi akampeleka hospitali, akapimwa na kutolewa damu.

Majibu kaka aliyafuata peke yake. Alirudi amenuna.

"Wamechanganya damu," alisema. "Eti yangu ina protini ya wajawazito. Daktari anataka nilazwe nifanyiwe upasuaji. Sikungoja amalize, nikaondoka. Sirudi tena."

Jirani yao, fundi cherehani, alicheka mpaka miwani ikamdondoka. "Basi njoo nikupime gauni, mama kijacho."

Hata mama alicheka kidogo. Chiriku hakucheka. Alikuwa anamtazama kaka akitafuta namna ya kukaa.

"Kaka, kama damu ni ya mtu mwingine, na huo uvimbe ni wa mtu mwingine?"

Fundi cherehani aliokota miwani yake. Mama alichukua mtandio. "Twende sote."

Daktari, mama wa makamo mwenye sauti ya upole, aliwakaribisha bila kumlaumu mtu.

"Hatukuchanganya, mwanangu. Damu ni yako."

"Sasa mimi na ujauzito wapi na wapi, daktari?"

"Huna mimba," daktari alitabasamu. "Sikiliza. Mtoto akiwa bado kiinitete tumboni, chembe hai zake hutengeneza protini fulani, na nyingine huingia kwenye damu ya mama yake. Akikua, mwili huacha kuzitengeneza, au huzibakiza kwenye chembe za uzazi tu. Saratani ikiingia, chembe zake huweza kuzianzisha tena, kama vile zimesahau kwamba mtu huyu alishazaliwa. Kwa mwanamume mzima, hii tuliyoiona haitakiwi kuwa nyingi hivi. Pamoja na uvimbe wako, inatuonyesha kwamba ni saratani."

Kaka aliinama. Chiriku alimshika mkono uliojaa alama za grisi.

"Atapona?" aliuliza.

"Aina hii hutibika vizuri ikiwahiwa. Na protini hiyo hiyo itatusaidia. Tukiutoa uvimbe, tutapima damu tena na tena. Ikishuka mpaka kawaida, tutajua tunakwenda vizuri."

Kaka alilazwa siku hiyo hiyo, akafanyiwa upasuaji. Kila aliporudi kupimwa, Chiriku alikuwa wa kwanza kuuliza, "Imeshuka?" Ikawa inashuka. Mwishowe daktari alisema damu yake sasa ni ya kawaida, ingawa ataendelea kufika kuangaliwa.

Alipokuwa akiwaaga, alimgeukia Chiriku. "Damu ya kaka yako ilisema kweli, lakini haikuweza kuja hospitali peke yake. Ninyi watoto, mkiona mwili umebadilika, hata sehemu ya siri, mwambieni mzazi au mtu mzima mnayemwamini. Na jibu usilolielewa, liulizie kabla hujalikasirikia." Kaka alitazama sakafu, akicheka.

Daktari alipomruhusu kupanda, kaka aliichukua baiskeli ya fundi cherehani, akaiendesha mpaka kwenye kona na kurudi. Fundi cherehani alinyoosha mkono kuipokea.

"Bado," kaka alisema. "Breki ya nyuma inalegea. Chiriku, spana."