Gitaa la Kushoto

"Umesikia?"

"Nimesikia," mumewe akajibu, macho ameyafumba, kichwa kakiegemeza kwenye kochi. "Leo ni mambo mengine kabisa. Hilo gitaa la kushoto, Fundi, kama vile mpigaji kasimama pale dirishani."

Mke alikuwa amepiga magoti nyuma ya kabati la muziki, mkononi kashika ncha nyeupe ya waya mpya. Ilikuwa imechomoka kwenye tundu lake. Spika ya kushoto ilikuwa kimya kama jiwe, na lile gitaa, ambalo kwenye wimbo ule linapigwa kushoto peke yake, halikuwamo chumbani. Alipouliza "umesikia," alitaka kujua kama na yeye ameligundua hilo.

Akaichomeka ncha polepole. Gitaa likaingia, safi, likajaza ukuta mzima. Akachungulia. Mumewe hata kope haikutikisika.

Wote walimwita Fundi, mume naye akiwemo, kwa sababu alikuwa fundi mitambo wa kituo kidogo cha redio. Wiki ile kituo kilikuwa kimestaafisha kigeuzi chake cha zamani, kile kisanduku kinachopokea namba za muziki kutoka kwenye kompyuta na kuzigeuza kuwa sauti. Bosi alimruhusu akichukue. Kwa miaka miwili nyumbani walikuwa wakisikiliza kwa kawaya kembamba kutoka tundu la kompyuta hadi kwenye amplifaya, sauti nyembamba kama uji wa mgonjwa. Jumamosi ile alishinda akibadilisha: kigeuzi kile, waya mpya mnene, ncha nyekundu ya kulia, ncha nyeupe ya kushoto. Alikuwa na furaha ya mtoto. Sasa furaha yote ilimtoka.

Kilichomuuma si gitaa. Walijuana studio, mume alipokuja kurekodi vipindi vya hesabu kwa wanafunzi wa sekondari. Siku ya kwanza tu alimuuliza Fundi kazi yake ikoje, kisha akanyamaza na kusikiliza jibu mpaka mwisho. Hakuna mwanaume aliyewahi kumfanyia hivyo. Siku alipoposwa alisema mbele ya ndugu zake wote, "Wengine wanapendea sura. Mimi huyu Mwalimu nimempendea masikio." Watu walicheka, lakini yeye hakuwa anatania.

Na sasa mwenye masikio yake alikuwa anamdanganya mchana kweupe.

Akaanza kukumbuka. Miezi ya karibuni Mwalimu alikuwa anasifu kila kitu kabla hajaulizwa. Akisimuliwa jambo jikoni anaitikia "ee, kweli," hata pale jibu linalotakiwa ni "hapana." Alikuwa amehamia upande mwingine wa kitanda, eti mgongo. Wakitembea barabarani anazunguka ili mkewe awe kulia kwake.

Jumatatu, Mwalimu akiwa bafuni, simu yake ikalia mezani. Fundi hakuwa mtu wa kupekua simu, lakini ujumbe ulijitokeza wenyewe kwenye kioo. Mtumaji ameandikwa "Fundi Bomba."

"Mwalimu, usikose leo saa tisa. Chumba nimekutengea wewe peke yako. Tutajaribu vyote viwili. Na mkeo, umeshamwambia au bado unaogopa?"

Akausoma mara tatu. Mabomba yao yalikuwa mazima.

Mchana akiwa kazini alimpigia dada yake mkubwa, akamweleza yote, kuanzia gitaa. Dada akasema mwanaume akianza kusifu hata chumvi iliyozidi, ujue kuna shimo anafukia. Fundi akasema labda kuna maelezo.

"Maelezo yapo," dada akasema. "Ila usingoje kuletewa. Kayafuate."

Saa tisa kasoro alikuwa amesimama mkabala na geti la shule. Mwalimu akatoka na mkoba wake, akavuka barabara, akapita maduka mawili na kuingia kwenye jengo la ghorofa moja lenye duka la vitambaa chini. Kwenye ngazi palikuwa na kibao ambacho Fundi hakukisoma. Macho yalikuwa yanawaka, na kichwani alikuwa anapanga maneno atakayomwambia huyo mwanamke.

Juu kulikuwa na mlango umeachwa wazi nusu. Akausukuma.

Kulikuwa na mwanamke kweli. Mtu mzima, amevaa koti jeupe na miwani imemshuka puani, amekaa mbele ya mashine yenye kipimo cha sauti. Mbele yake palikuwa na kibanda cha kioo, na ndani ya kibanda Mwalimu alikuwa ameketi amewapa mgongo, amevaa spika za masikioni, mkono wake wa kushoto juu ya goti, tayari kuinuliwa akisikia mlio.

Fundi hakuhitaji kuelezwa kuwa mashine ile ni ya kupimia masikio. Alikuwa anasoma vipimo vya sauti kila siku ya Mungu. Mama yule alibonyeza, taa ya upande wa kushoto ikawaka, kipimo kikapanda. Mkono wa Mwalimu ukabaki gotini. Akapandisha. Akapandisha tena. Kipimo kilifika mahali ambapo mtu wa kawaida angezivua spika zile na kuzitupa. Mkono ulikuwa bado gotini, vidole vimetulia, kama vya mtoto mtiifu anayengoja kuitwa jina.

Akajikuta amekaa chini, palepale mlangoni.

Mama wa koti jeupe akageuka. Akamtazama, akatazama pete.

"Wewe ndiye Fundi," akasema kwa upole. "Nimemwambia mara nne akuambie. Ngoja nimtoe."

Mwalimu alipotoka na kumkuta mkewe sakafuni, alisimama. Kisha naye akakaa chini, mkabala naye, suruali ya kazi na vumbi la chaki na yote. Yule mama akachukua kikombe chake, akatoka na kuwafungia mlango.

"Tangu lini?" Fundi akauliza.

"Matubwitubwi. Yale yaliyoingia shuleni mwaka jana. Uvimbe wa shavu ulishuka, sikio la kushoto halikurudi. Daktari anasema neva imekufa. Halitarudi tena."

"Miezi kumi, Mwalimu. Miezi kumi unalala pembeni yangu."

"Ungesema nini? Ulitangaza mbele ya shangazi zako wote umenipendea masikio. Mimi sura sina, unajua. Nikaona likiondoka moja, unabaki na nusu ya ulichokifuata."

Fundi alitaka kucheka na kulia kwa pamoja, akashindwa kuchagua.

"Na Jumamosi? Gitaa?"

Mwalimu akainamisha kichwa. "Sikulisikia. Siku zote lilikuwa linanifikia kwa mbali, lakini Jumamosi lilipotea kabisa, kisha likarudi ghafla. Nikadhani sikio la kulia nalo limeanza kuondoka. Nikaogopa, Fundi. Nikasema lolote."

Siku mbili nzima mtu huyu alikuwa amebeba hofu ya kuwa kiziwi kabisa, anakwenda kufundisha, anarudi, anaitikia "ee, kweli," kumbe kosa lilikuwa nyuma ya kabati.

"Gitaa halikuwepo," akamwambia. "Ncha nyeupe ilikuwa imechomoka. Sikio lako la kulia zima. Kiziwi alikuwa waya."

Mwalimu akamwangalia. Akamwomba arudie. Fundi akasogea mpaka upande wake wa kulia, akamshika kichwa kwa mikono miwili, akarudia maneno yale karibu kabisa na sikio, polepole, na hapo mume akalia. Hakulia kwa sauti. Alilia kama mtu anayetua mzigo mlangoni kwake.

"Nilichopendea," Fundi akasema, "ni kwamba ulikuwa unataka kusikia. Hilo halikai kwenye neva. Lakini ukinidanganya tena, hapo nitaondoka kweli. Na huyo Fundi Bomba kamwandike kwa jina lake."

Jioni ileile Mwalimu alipewa vile vifaa viwili avijaribu kwa mwezi mmoja: kimoja cha kushoto kinanasa sauti, na kingine kinaifikisha kwenye sikio la kulia. Fundi alimpigia dada yake na kumwambia maelezo ameyapata. Dada aliposikia habari yote akasema, "Basi mpe shemeji pole. Na mimi nisamehe mdomo wangu."

Jumamosi iliyofuata Fundi alirudi nyuma ya kabati. Kazini alikuwa ameunga waya mwingine kwa risasi ya kuchomelea, uliounganisha pande zote mbili kuwa moja, ili wimbo mzima utoke kwenye kila spika na kusiwe na chombo cha muziki kinachojificha upande ambao mumewe hana. Akaligeuza kochi. Akaisogeza spika moja ikaelekea kulia kwa mumewe. Akaweka wimbo uleule, akaja kukaa chini miguuni pake, na safari hii hakuuliza kitu.

Mwalimu alisikiliza mpaka mwisho. Akajikuna kidevu.

"Niseme ukweli?"

"Sema."

"Besi imezidi. Inamfunika mwimbaji."

Tangu waoane hakuwahi kumkosoa hata mara moja. Fundi aliinuka, akapunguza besi kidogo, na kwa kuwa alikuwa amempa mgongo, Mwalimu hakuona jinsi alivyokuwa anatabasamu.

"Hapo je?"

"Bado. Punguza tena."

Akapunguza tena.