Juisi Isiyogusa Glasi

Walikutana kwenye duka la vyombo, watu wamejaa, mikono inapishana juu ya sahani. Mchoraji wa picha za kompyuta alikuwa amesimama katikati ya njia, glasi kaiinua kwenye mwanga, jicho moja kalifumba.

"Dada, hiyo ya kunywea, siyo darubini," alisema muuzaji, kijana wa shati la bluu lililonyooshwa kwa pasi.

"Nataka kuichora."

"Basi ichukue. Ila urudi uniambie kama imekubali."

Alirudi. Akarudi tena. Miezi minne baadaye dukani walishaanza kumwita shemeji, na Muuzaji akamwalika kwa mama yake. "Jumapili saa saba, mpenzi. Usiniaibishe."

Sasa tazama mambo ya Mchoraji. Jumatatu yake alitakiwa kutoa tangazo la glasi moja ya juisi ya chungwa, na juisi ikamgomea. Ilikaa ndani ya glasi kama yai la kuchemsha, ukingo mweupe umeizunguka. Alibadili taa, akabadili rangi, akabadili mpaka kiti. Kila jaribio kompyuta ilichukua saa nzima kuikamilisha picha, kuipika kama wasemavyo wachoraji, naye hakuwa mtu wa kuacha picha jikoni. Alizunguka dirishani na mezani, akila kucha. Simu aliizima kidogo tu. Alipoiwasha, Jumapili ilishafika saa kumi.

"Mama alikaa na gauni lake jipya mpaka chakula kikapoa," Muuzaji alisema kwenye simu. Hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililomtisha. "Kama hutaki, ungesema tu."

"Nataka. Ni hii kazi..."

"Haya. Kazi njema." Akakata.

Alikuwa hajanywa kitu tangu asubuhi. Alimimina juisi kwenye glasi ile ya dukani, akaishia kuikodolea macho. Juisi ya kweli ilikuwa imeushika ukuta wa glasi, hakuna cha ukingo mweupe wala nini. Yeye kwenye kompyuta alikuwa ameacha upenyo mwembamba kama unywele, akihofia juisi ikigusana na glasi picha itaingia madoa. Siku tisa anahangaika na taa, kumbe kosa ni woga wake mwenyewe.

Aliipanua juisi mpaka ikauingia ukuta kidogo, akabonyeza kuipika. Kisha akavaa viatu.

Mama mtu alifungua mlango, gauni jipya bado mwilini.

"Asiyekuwepo na lake halipo," alisema. "Lako lilikuwa paja la kuku. Limeshaliwa."

"Nisamehe, mama. Kazi ilikuwepo, lakini nilijificha humo. Niliogopa utanitazama uone simfai mwanao."

Mama alimtazama kweli, juu mpaka chini. "Vyombo viko jikoni."

Jikoni Muuzaji alikuwa ameshika kitambaa, kanuna. Mchoraji alikunja mikono ya blauzi, akaanza na sufuria kubwa. Walifanya kazi, yeye anaosha, mwenzake anafuta.

"Picha imekubali?" Muuzaji aliuliza mwishowe.

"Sijui. Nimeiacha inapikwa."

Kitambaa kikasimama. "Nani anaiangalia?"

"Hakuna."

 Muuzaji akasogea karibu, bega likagusana na bega, akapokea sahani iliyofuata.

"Jumapili ijayo saa saba," mama alisema kutoka sebuleni. "Na hiyo simu iwe wazi, mkwe."