Kahawa ya Tatu

"Elvedina, huyo kijana anakupenda wewe au anaipenda kura yako?"

Bi Fadila, jirani yao, aliuliza hivyo kwenye ngazi za ghorofa, mfuko wa vitunguu mkononi.

"Shangazi, acha wivu!" Elvedina akacheka, akapanda zake juu. Swali nalo likapanda nyuma yake kama paka.

Alikutana na Nihad sokoni, mjini Tuzla, msimu wa uchaguzi wa manispaa, katikati ya msukumano wa wanunuzi wa pilipili. Nihad, shati jeupe limenyooshwa pasi hadi linakata, alikuwa akigawa kalamu za chama. Elvedina, koti la kijani na skafu ya njano, akaijaribu aliyopewa kiganjani.

"Haiandiki."

"Basi chukua mwenye kalamu, roho yangu. Yeye anaandika."

"Na ahadi zake zinafutika?"

Wakacheka mpaka muuza pilipili akawafukuza, eti wanamzibia biashara.

Tangu hapo simu haikupoa. Mama yake Elvedina, Bi Hatidza, mjane asiyekosa sala, akamkaribisha kijana nyumbani. Mjini kwao kahawa ina lugha yake: ya kwanza humpokea mgeni, ya pili huzungumza naye, ya tatu humwonyesha mlango.

"Jana mama alinipa ngapi?" Nihad aliuliza kwenye simu.

"Mbili."

"Basi ananipenda!"

"Endelea na domo hilo, utaletewa ya tatu."

"Ya tatu nitainywa siku ya kufa, mpenzi."

Kampeni zilipopamba moto, simu zikaadimika. Elvedina akavimba. "Umepata mwingine, sema tu!"

"Mwingine wangu ni mwenyekiti wa chama, na hajui kupika. Jumamosi nakuja kukuposa."

Hasira yote ikayeyuka. Jumamosi hiyo, kesho yake ikiwa siku ya kura, Elvedina alivaa gauni la bluu. Nihad akaja na boksi la chokoleti na pakiti ya kahawa, akavua viatu mlangoni kwa adabu. Wakanywa ya kwanza. Wakanywa ya pili. Bi Hatidza alikwisha kufungua kinywa kumwita mwanangu, Nihad akasogeza kiti.

"Kuna jambo dogo. Kesho mkishaweka alama kwa chama chetu, mzipige picha karatasi zenu za kura kwa simu, mnitumie."

"Picha ya nini?" Elvedina akauliza.

"Ushahidi. Nimetakiwa nilete kura za hakika. Mwenyekiti amekubali, picha zikifika unapata ajira ya kudumu pale chekechea unapofundisha. Hutatolewa tena kila Juni mkataba ukiisha, kama kiti kibovu. Nakufanyia wewe, roho yangu!"

Ajira ile Elvedina alikuwa akiililia miaka yote. Alihisi uso ukiwaka.

"Watoto wa miaka mitano nawafundisha wasichungulie kazi ya mwenzao. Wewe mtu mzima unataka kuchungulia kura ya mama yangu?"

"Kila mtu anafanya hivyo!"

"Kila mtu ndiye anakuoa?"

Bi Hatidza aliweka tasbihi mapajani. "Mwanangu, kwenye kile kibanda cha kadibodi cha kupigia kura tunaingia wawili, mimi na Mungu wangu. Yeye hahitaji picha."

"Mama, siasa siyo msikiti."

"Na binti yangu siyo bango la kubandikiwa chama."

Nihad akamgeukia Elvedina. "Picha mbili tu. Bila hizo hata harusi nitaifanyaje, na kazi yangu mwenyewe inaning'inia?"

Elvedina aliinuka. Alikwenda jikoni, akachemsha maji kwenye birika dogo la shaba. Moyo ulimwambia, mpe nafasi. Akakumbuka neno lile, picha mbili tu, akamwaga kahawa kwenye maji. Povu lilipopanda akaepua.

Nihad alikuwa bado anaongea, anaahidi lami, anaahidi taa za barabarani, kama vile yuko jukwaani. Akapokea kikombe bila kutazama, akapiga funda.

"Mama anajua kukirimu," akasema, kisha ulimi ukawa mzito. "Elvedina... hii ni ya ngapi?"

"Ya tatu."

Bi Hatidza aliinamisha macho. Nihad alimtazama msichana, akalitazama lile gauni la bluu, akakirudisha kikombe kwenye sinia taratibu, kahawa ikiwa bado nusu. Mlangoni akaingiza miguu kwenye viatu bila kufunga kamba, akatoka.