Kopo la Chiriku

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Winnie Sugden alipanda juu ya ndoo iliyopinduliwa, akamimina mbegu za alizeti kwenye kopo lililoning'inia katika kamba ya kuanikia nguo. Ua wao ulikuwa mawe matupu. Nyumba za mji wa Calderby zilijengwa na wenye viwanda vya pamba, nao hawakuona kwa nini mfanyakazi awe na bustani. Viwanda vimefungwa zamani, wenyewe wameondoka na faida yao, mawe yamebaki. Kwa hiyo kila chiriku wa kijani aliyetua pale, Winnie alimhesabu kuwa wake.

Mwaka ule chiriku wawili, dume na jike, walijenga kiota kwenye kichaka cha miiba nyuma ya ua. Ulipofika mwisho wa Mei, makinda walisikika wakilia njaa.

"Umeosha kopo?" Bibi Elsie, aliyemlea Winnie, aliuliza kila Jumamosi.

"Nimeosha, Bibi."

Kumbe alilipitisha tu chini ya bomba, kisha akajazia mbegu mpya juu ya zile za zamani.

Jumanne moja aliokota chiriku amekufa chini ya kamba. Alhamisi akaokota mwingine. Na yule dume wa kichakani alikuwa amekaa ukutani, manyoya yamemvimba, hata kuruka hataki. Winnie akaongeza mbegu. Haikusaidia.

"Hoteli gani hii?" alisema rafiki yake Nasreen, Winnie alipomsimulia habari hizo wakirudi kutoka shule. "Wageni wanaingia wazima, wanatoka maiti."

"Nyamaza wewe. Ni paka wa Mzee Holroyd."

Siku hiyohiyo Winnie alimwita jirani ukutani. "Mzee Holroyd, paka wako anaua ndege wangu."

"Kapteni?" Mzee alicheka. "Amebakiwa na meno mawili, na yote yanamuuma. Hata samaki nampondea."

"Basi umewatilia sumu wewe. Si ulinung'unika maganda ya mbegu zangu yanachafua nguo zako? Mtaa mzima unajua huwataki."

Mzee Holroyd aligeuka. Aliingia ndani akafunga mlango, taratibu, na hilo lilikuwa baya kuliko kumgombeza.

Bibi Elsie alikuwa amesikia yote kupitia dirisha la jikoni. Alitoka, akamwinua kwa kipande cha gazeti yule chiriku wa Alhamisi, aliyekuwa bado amelazwa chini ya ukuta.

"Ana jeraha?"

"Hana."

"Tazama mdomo."

Mdomo ulikuwa umelowa, umegandwa na mabaki ya mbegu, kama aliyejaribu kumeza akashindwa.

"Shusha kopo."

Winnie alilishusha polepole. Bibi akachokoa ndani kwa mpini wa kijiko. Likatoka donge jeusi la mbegu zilizooza na kinyesi, likanuka ua mzima.

"Hili ni la Jumamosi gani?"

Winnie alilisukuma donge kwa ncha ya kiatu.

"Nakuuliza, binti."

"Sikuwahi kuliosha, Bibi. Nililitia maji tu. Mara zote."

Bibi aliketi juu ya ndoo. "Kiwandani alikofanya kazi mama yangu kulikuwa na kikombe kimoja cha bati, kimefungwa kwa mnyororo bombani. Mamia walikunywea hichohicho. Walipoanza kukohoa, mwenye kiwanda alisema wamejiletea ugonjwa kwa uchafu wa nyumba zao. Akalaumu kila mtu isipokuwa kikombe, maana kikombe kilikuwa chake. Mama alikufa na hasira hiyo, na mimi ninayo bado. Sasa leo mjukuu wangu mwenyewe anamwambia jirani ni muuaji."

Winnie alisugua kopo kwa maji ya moto na dawa ya kuua vijidudu mpaka vidole vikawa vyekundu. Kisha akachukua mfuko wa mbegu.

"Hapana," alisema Bibi. "Liweke kabatini."

"Na makinda watakula nini?"

"Viwavi. Kichaka kimejaa viwavi msimu huu. Mgonjwa akija hapa anamwambukiza mwenzake. Lisipokuwepo, watatawanyika."

"Kwa hiyo nikae tu niwatazame?"

"Ukae. Lakini kwanza uende ukagonge mlango wa jirani."

Alikwenda. "Nilikusingizia, mzee. Kopo langu ndilo lililowaua. Nisamehe."

Mzee Holroyd alimpapasa paka wake kichwani. "Kapteni ndiye aliyeumia zaidi," alisema. "Ana jina la kulinda."

Siku zilizofuata zilikuwa ngumu. Ndege walitua kwenye kamba tupu, wakamtazama, wakaenda zao. Dume mgonjwa alikufa, Winnie akamzika akilia kwa hasira. Ila jike aliendelea kuingia na kutoka kichakani, mdomo umejaa, na ukutani hakuonekana tena ndege aliyevimba manyoya.

Asubuhi moja ya Juni makinda watatu walijitupa nje ya kichaka, wakatua ukutani kwa Mzee Holroyd, wazima. Kapteni alifungua jicho moja, akalifumba.

Bibi Elsie alikuwa mlangoni na kikombe chake cha chai. "Kumbuka hili, Winnie. Ukiona wanaokula pamoja wanaugua, usianze na jirani. Anza na sahani. Kisha uliza nani alipewa kazi ya kuiosha."

Winnie hakuwa na haja ya kuuliza. Aliinama, akaigeuza ile ndoo, akajaza maji, akaenda kuosha maganda yaliyoganda kwenye ukuta wa jirani.