Theluji ya Tavita

Upepo wa Wellington hauna adabu. Jumapili ile, katikati ya msongamano wa sokoni kando ya bandari, ulimkuta Ngaire amekumbatia kioo kikubwa alichokichorea milima, nusura umtupe nacho majini. Aliyekidaka ni Tavita, pande la mtu la Kisamoa, shati la maua, mfuko wa magimbi begani.

"Unahama na milima yako, bibie?"

Ngaire akacheka. Akamweleza kwamba yeye ni mwalimu wa uchawi wa sinema, na kwamba watu wa zamani waliweka kioo kama kile mbele ya kamera, mwigizaji akaonekana kasimama mlimani. Tavita akajiandikisha darasani kwake. Ufundi aliushika, na moyo wa mwalimu akaushika pia. Wakaishi pamoja, Tavita akaajiriwa studio ya filamu.

Kisha akaaga, kazi imemwita Vancouver, Kanada. Kila asubuhi walipigiana simu ya video, "mpenzi" huku, "mwalimu wangu" kule, Tavita kasimama kibarazani, theluji imetanda nyuma yake.

Loh! Ngaire aligundua mara moja. Theluji humulika uso kutoka chini, na kidevu cha Tavita kilikuwa na giza. Theluji ile ilikuwa picha ya kubandika. Angeuliza, lakini roho ilimwambia kuna mwanamke, na kiburi kikamziba mdomo. Akangoja akiri mwenyewe. Wivu ukamkondesha, simu zikafupika.

Mwishowe dada yake Tavita alishindwa kuvumilia, akamwambia: analala gerejini kwangu, hapa hapa jirani Porirua, tangu studio ilipopunguza wafanyakazi. Hana mwanamke, hana kazi. Ngaire akatoka mbio bila koti.

Alimkuta akifunga begi. Wakakumbatiana, wakalia.

"Ulijua tangu lini?" Tavita akauliza.

"Tangu theluji ya kwanza."

"Na ukaninyamazia?"

"Nilidhani una mwingine. Nilikungoja useme."

"Niliona aibu kusema. Lakini kosa lile la mwanga, Ngaire, hata mwanafunzi wa siku ya kwanza halifanyi. Nililiacha makusudi, unikamate. Kila asubuhi nilijiambia, leo ataniuliza."

Ngaire akamsihi arudi nyumbani. Tavita akasema ameshasaini kwenda migodini Australia, ndege ni leo.

"Nakupenda," akasema. "Ila nilizama wewe ukitazama. Sijui nitaishije na hilo."

Dada akapiga honi nje. Tavita akambusu kwenye paji la uso, akatoka. Ngaire akalikunja blanketi alilokuwa akilalia mwenzake, akalikunjua, akalikunja tena.